Mtani Wangu Mpunguzaji

Baba yangu alikuwa Mnyamwezi, na mtu ninayetaka kumsimulia alikuwa Mzaramo. Kwa hiyo tulikuwa watani, na mtani halaumiwi kwa maneno yake hata yakiwa na pilipili. Nasema hivyo mapema, maana wapo ndugu zake Ubungo na Temeke watakaosikia haya na kukunja uso. Wakunje. Jina lake silitaji, hata zamani hatukulitumia. Tulimwita Mpunguzaji kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake, kupunguza wanyama.

Enzi hizo za Mwingereza, Ubungo ilikuwa vijumba vya makuti na mashamba ya mihogo, na mashamba yalipokwisha lilianza bonde la nyasi na vichaka. Kundi la swala lilikaa humo, na lilipopenda liliingia mashambani na kula jasho la watu. Serikali ikampa bunduki na kibali ili awapunguze. Haikumwambia apunguze yupi. Mtu mwingine angepiga aliye karibu, au aliyenona. Huyu alichagua. Alilala kifudifudi kichakani asubuhi nzima akiwatazama mmoja mmoja, akayaacha madume yenye pembe ndefu yapite mbele ya bunduki kama wageni wa heshima, akamngoja anayechechemea, au mwenye pembe iliyopinda, au mwenye manyoya yaliyofifia. Akipatikana huyo, ndipo tuliposikia mlio kule kijijini.

"Mkulima hapandi punje iliyotobolewa na fukusi," alikuwa akisema. "Mbona kundi mnaliacha lijipande ovyo?"

Na kwa upande wa punje sitamnyima haki yake. Mahindi yake yalikuwa mazuri kuliko ya mtu yeyote kuanzia kwetu hadi Kipawa. Kila mavuno aliketi uani na lundo la mahindi, akitenga hindi moja moja kwa ajili ya mbegu, na watu walikuja kumwomba punje kama wanavyoomba dawa. Aliwapa, hakuwa mchoyo. Nadhani hapo ndipo alipopotelea. Mahindi yalimtii, akadhani kila kitu chenye uhai kitamtii.

Nieleze na namna alivyoua. Pale kwetu karibu sote tulikuwa Waislamu, na mnyama aliyekufa kwa risasi kabla hajapitiwa na kisu tulimhesabu nyamafu. Walikuwapo wenye elimu waliosema kwamba ukitaja jina la Mungu wakati wa kufyatua inatosha, lakini Ubungo hatukuwasikiliza. Kwa hiyo Mpunguzaji hakupiga kichwa wala moyo. Alipiga paja. Mnyama alianguka, akainuka kwa miguu ya mbele, akaanguka tena, naye alimwendea bila haraka, akamgeuza kuelekea kibla, na kabla ya bismillahi akamwambia kwa sauti ya upole, "Si mie, ni mguu wako." Nimelisikia neno hilo kwa masikio yangu, kwa kuwa sisi wanawake tulikwenda na vikapu kusaidia kubeba nyama. Nyama ilikuwa ngumu siku zote, ya wanyama waliokonda. Watu walinung'unika, lakini walikula.

Neno hilo alilitumia hata kwa binadamu. Kibarua wake mmoja aliyekuwa na mkono wenye vidonda vya ukoma alifika asubuhi na jembe lake, akaambiwa arudi kwao. "Si mie, ni mkono wako." Katika ngoma za harusi alikaa mbele akiwakagua mabwana na mabibi harusi kana kwamba yuko kwenye mnada wa ng'ombe Pugu. Kuna binti alimwambia mbele ya mama yake kwamba nyonga zake ni nyembamba, atakufa uzazini. Binti huyo alizaa watoto saba, akamzika mume, akaolewa tena. Yule ambaye Mpunguzaji alimsifia nyonga siku hiyohiyo ndiye aliyekufa uzazini. Nilipomkumbusha akasema kwamba mvua hainyeshi kila ikivuma ngurumo, lakini mtu mwenye akili bado huanua nguo.

Kwake kuku mwenye kidole kilichopinda hakufika siku ya tatu. Vitoto vya paka alivitia kwenye ndoo akabakiza kimoja. Lakini mtoto wa mtu akichapwa nyumba ya tatu, Mpunguzaji alivaa makubadhi akaenda kugonga mlango. Hakuvumilia sauti ile. Mama yangu alikuwa na mkono mwepesi, na mara nyingi kilio changu kilikatizwa na kikohozi chake uani. "Mwache," alimwambia mama. "Kumpiga hakumgeuzi kuwa mwingine. Alivyo ndivyo alivyo." Nilikuwa namshukuru, mpaka nilipokua nikaelewa maana ya maneno hayo.

Na alikuwa na mama kipofu. Bi kizee alikuwa ameisha kabisa, mifupa na ngozi, na macho yaliyojaa ukungu. Mpunguzaji alimbeba mgongoni kila asubuhi kumpeleka nje aote jua, akamlisha uji kwa mkono wake, kijiko kimoja kimoja, akikionja kwanza kwa mdomo kisije kikamwunguza. Sijaona mwanamume mwingine aliyemtunza mama hivyo. Siku moja baba yangu, kwa utani, akapaza sauti kutoka barabarani. "Mpunguzaji, mbona huyu hujampunguza? Hana macho, hana meno, hana hata kivuli."

Watu wakacheka. Yeye alimfuta mama yake kidevu kwa ncha ya shuka.

"Huyu ameshazaa," akasema.

Hakusema kwa hasira. Alikuwa anajibu swali. Baba alirudi nyumbani akasema mtu yule ana kichwa kilichopikwa kikaiva kupita kiasi. Mama yake alipofariki, Mpunguzaji alikataa chakula mpaka wazee wakaenda kumkemea.

Aliyemtesa sana katika kazi yake alikuwa Mzungu mmoja wa bandarini Kurasini, aliyekuja bondeni kila Jumapili na bunduki yenye kitako kinachong'aa. Mzungu naye alichagua, ila alichagua kinyume. Alitaka pembe za kutundika ukutani, ndefu kuliko za rafiki zake. Mpunguzaji aliamriwa kumwongoza, na kila Jumapili akaongoza mtu kwenda kuua wale aliowaacha yeye mwenyewe tangu Jumatatu.

"Bwana, yule mwache," nilimsikia akimwambia siku moja walipokuwa wakipumzika barazani kwa Mwarabu mwenye duka. "Yule ndiye mbegu."

"Hapana," Mzungu akasema kwa Kiswahili chake. "Ile iko zee. Pembe kubwa, zee. Mimi nasaidia kundi."

"Si mzee, bwana. Ni baba."

Mzungu akacheka, akampigapiga begani, wakaenda. Jioni Mpunguzaji alirudi na kichwa cha dume lile begani, damu ikimtiririka kwenye shati la serikali. Baba yangu alimngoja njiani, maana mtani mzuri hapitwi na siku kama hiyo.

"Mzungu anachukua wa juu, weye unachukua wa chini," akamwambia. "Swala wa katikati wamshukuru nani?"

Mpunguzaji alipita na mzigo wake. Baadaye alikuja kwetu, akakaa mkekani, akasema kwa uchungu kwamba serikali yenyewe haijui inataka kundi la namna gani, na kwamba mwizi wa mbegu hutembea mchana akipigiwa saluti. Nilimhurumia siku hiyo.

Sasa nifike kwa wanawe. Alikuwa nao wawili. Mkubwa aliitwa Kondo, mrefu, mabega mapana, mbio zake zilisifiwa hadi Temeke. Baba yake alimtazama kama alivyotazama yale madume bondeni. Kondo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kawaida mwenye miguu mirefu, na sifa zile zilimchosha. Wa pili alikuwa Salehe. Utotoni homa iliingia nyumba yao, wakalala wote, na Salehe alipoinuka mguu wake wa kushoto ulikuwa umekauka. Tangu siku hiyo baba yake hakumtaja tena kwa jina. Alimwita "yule." Yule amekula? Mwambieni yule aondoke juani.

Yule alijifunza ushonaji. Alikaa barazani kwa Mwarabu, akiendesha cherehani kwa mguu mmoja, na kanzu zake zilikuwa na mshono ulionyooka kama uzi wa fundi mwashi. Alinishonea gauni la Idi bila kunipima. Nilipomuuliza kipimo alikitoa wapi, akasema nilikuwa nimepita pale mara nyingi vya kutosha. Gauni likanikaa barabara. Nilimpenda Salehe, sioni haja ya kuzungusha maneno, na yeye alinipenda. Tulitaka kuoana, lakini baba yangu alikuwa mtu wa taratibu. Hakutoa binti mpaka baba wa mwanamume alete posa. Na Mpunguzaji akasema hapeleki.

Alikuja mwenyewe kueleza sababu, maana hakuwa mtu wa kujificha. Nilimletea kahawa, na badala ya kuondoka nikabaki.

"Shikamoo, mtani."

"Marahaba. Sema."

"Mguu wa Salehe ulikaushwa na homa. Hakuzaliwa nao hivyo."

"Najua. Nilikuwepo."

"Basi watoto wake watakuwa na miguu kama yako wewe."

"Swala aliyekatwa na tanzi naye hakuzaliwa hivyo," akasema. "Nampiga vilevile."

"Kwa nini? Tanzi halirithiwi."

"Kundi zima lilipita njia ile, mtani. Yeye ndiye aliyenasa. Upumbavu unarithiwa."

"Na homa? Homa nayo ni upumbavu?"

Alikunywa kahawa yake yote kabla ya kujibu. "Homa iliingia nyumba nzima. Kondo aliinuka akatembea. Homa nayo ilichagua. Mie nani niisahihishe?"

Mimi nilikuwa na majibu mengi lakini yote yalikuwa matusi mazito kuliko utani unavyoruhusu. Nilichukua kikombe nikaondoka.

Mwaka uleule Kondo alioa, na harusi ikawa kubwa, ng'ombe na ngoma. Watani huwa na nafasi yao katika shughuli kama hiyo. Huvamia, hunyakua kitu cha mwenye shughuli, sinia, mbuzi, hata kofia yake, na mwenye shughuli hulazimika kukikomboa. Hata kwa kuku mmoja, hata kwa kibaba cha unga. Akishatoa, husema mbele ya watu, "Nirudishieni mali yangu," watu hushangilia, mambo huisha. Sijaona mtu aliyekataa kukomboa. Kukataa ni kusema kwamba kitu kile si chako.

Nikakaa nikafikiri, nikaona njia. Nitamnyakua Salehe. Baba yake atalazimika kutoa kuku na kusema mbele ya Ubungo nzima, "Nirudishieni mwanangu." Akishamwita mwanawe mbele ya watu wote wale, posa ataikataaje? Salehe nilimweleza. Alisita kidogo, kisha akakubali, akasema hajawahi kuliona jogoo la baba yake likitolewa kwa ajili yake.

Basi ngoma ilipopamba moto nikaingia uwanjani nikimvuta Salehe kwa kamba ya mkononi, yeye na mkongojo wake, wanawake wa kwetu nyuma yangu wakipiga vigelegele. Nikasimama mbele ya kiti cha Mpunguzaji.

"Mtani, nimeokota hiki jalalani kwako. Unakikomboa kwa kitu gani?"

Watu wakaangua kicheko. "Komboa! Komboa!" wakaimba. Mtu mmoja alikuwa ameshamkamata jogoo, anampunga hewani. Mpunguzaji akamtazama Salehe kuanzia kichwani, akashuka taratibu, akafika mguuni, akatulia hapo.

"Kuku ana miguu miwili," akasema. "Sitoi."

Wengi walicheka, wakidhani bado ni utani na kwamba atamalizia. Wakangoja. Hakumalizia. Akageuza uso kuwatazama wapiga ngoma na kuwaashiria waendelee, nasi tukabaki pale na kamba yetu. Salehe naye alicheka, kicheko kidogo cha adabu, cha mtu asiyetaka kuharibu harusi ya kaka yake. Kicheko kile ndicho nisichoweza kumsamehe baba yake mpaka kesho.

Baba yangu ndiye aliyesogea mbele. "Kisichokombolewa ni chetu," akasema, wala hakuwa akitania. Mjomba wake Salehe, ambaye kwa Wazaramo ana neno zito, akaleta posa wiki iliyofuata, tukaoana. Nilimpata niliyemtaka. Lakini Salehe hakukanyaga tena uwanja wa baba yake, na mara moja moja, akiwa kwenye cherehani, nilimwona mguu wake mzima umesimama na macho yako mbali, nikajua yuko wapi.

Kundi la bondeni nalo lilikuwa na mwisho wake. Ulikuja ukame, majani yakawa vumbi. Wa kwanza kufa walikuwa madume makubwa yaliyobaki, yale yaliyohitaji kula sana. Waliosalia walikuwa swala wadogo, wabaya wa sura, pembe za ovyo, wengine wakichechemea, waliozoea kujificha na kula vichaka vichungu. Hao ndio aliowafuata miaka yote akiwakosa. Watu tulifurahi kuwaona wakiishi. Yeye alichukizwa. Alisema wakiachwa wazaane, mvua ikirudi bonde litajaa takataka. Akaingia na bunduki kila siku, wala hakuchagua tena, kwa kuwa kwake wote walikuwa wabovu. Mvua iliporudi nyasi zilifika kiunoni, na ndani yake hakukuwa na kitu. Baba yangu akamuuliza kama kundi limepona. Akasema ndiyo, sasa ni safi.

Serikali ikachukua bunduki yake, kwa kuwa hapakuwa na cha kupunguza. Kondo alihamia Kurasini kubeba mizigo melini, akawa anakuja mara chache. Kisha macho ya Mpunguzaji yakaingia ukungu, uleule wa mama yake, akawa anakaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, kando ya njia iendayo barabara ya Morogoro, akiwatambua wapita njia kwa sauti.

Mara ya mwisho nilikuwa natoka dukani na mtoto wetu wa kwanza. Alikuwa mvulana, ameanza kuota magego, na alipenda kutembea mwenyewe akishika ncha ya kanga yangu. Ningeweza kupita kimya. Lakini mzee ni mzee, na nilifundishwa adabu.

"Shikamoo, mtani."

"Marahaba." Akainua uso. "Huko peke yako."

"Siko peke yangu."

"Ni wa yule?"

"Yule nani?"

Mtoto alisimama akimtazama, kwa kuwa alikuwa hajawahi kumwona. Mzee alikuwa amekonda, shati lake halikuwa na kifungo hata kimoja, na nilijua ni fundi gani angekishona kama angeombwa.

"Mwache atembee kidogo," akasema. "Mpaka pale kwenye jiwe, na kurudi. Macho sina, lakini masikio yangu mazima. Swala anayechechemea nilimjua kwa nyayo kabla sijamwona."

"Taja jina la baba yake," nikamwambia. "Litaje tu, nitamwacha akimbie hapa mbele yako mpaka uchoke kusikiliza."

Midomo yake ilicheza. Nilingoja. Nilingoja kwa moyo wote, nikimwomba Mungu aliseme, kwa sababu ningekwenda nyumbani mbio kumwambia Salehe. Mikono yake ilikuwa ikisugua magoti.

"Mwache atembee, mtani," akasema tena, na safari hii alikuwa anaomba. Sikuwahi kumsikia akiomba. Nilimwonea huruma, na huruma yenyewe ikanitia hasira.

"Jina moja."

"Anachechemea?" akauliza.

Nikainama, nikamnyanyua mtoto, nikamweka begani. Akajaribu kushuka, nikambana.

"Umembeba," akasema nyuma yangu, kichwa amekiinamisha upande akisikiliza nyayo zangu peke yake. "Anachechemea. Nilijua."

Sikugeuka. Mtoto alikuwa mzito, na jua lilikuwa kali, na mara mbili nilitaka kumweka chini. Nilimshusha tulipofika kwenye mashamba ya mihogo, mbali na masikio yake, akakimbia njia nzima mpaka kwa baba yake.